Kifo Kilichosimama: Sanamu ya Cuchulain ya Oliver Sheppard na Sababu Zilizoachwa Nje ya Shaba

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuyatazama masimulizi ya mashujaa kwa jicho la msomaji au kwa sikio la msikilizaji. Tunapouhakiki Utendi wa Fumo Liyongo, kwa mfano, tunauliza habari za vina na mizani, za wahusika na dhamira, za mtunzi na hadhira yake. Ni mara chache tunapojiuliza hadithi ya shujaa hupatwa na nini inapoacha kusimuliwa ikachongwa. Inapotoka katika maneno, ambayo huenda na wakati, ikaingia katika jiwe au shaba, ambavyo husimama mahali pamoja. Swali hili si la wachongaji na wanahistoria wa sanaa peke yao. Sanamu nyingi za mashujaa zimezaliwa na fasihi, na baadhi yake zimerudi tena katika fasihi zikawa mada ya washairi, watunzi wa tamthilia na waandishi wa riwaya. Mhakiki wa fasihi, basi, ana haki ya kuzisoma, na pengine ni wajibu wake.

Makala haya yanachunguza sanamu moja tu: Kifo cha Cuchulain, kazi ya mchongaji wa Ayalandi, Oliver Sheppard (1865–1941), iliyofinyangwa mwaka 1911 na 1912 na hatimaye kuwekwa katika Posta Kuu ya Dublin mwaka 1935. Tumeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, chimbuko lake ni la kifasihi waziwazi. Pili, imedaiwa kuwa mali yao na watu waliokuwa na uadui mkubwa baina yao, jambo linalotulazimisha kuuliza ni kitu gani ndani yake kinachoruhusu madai hayo. Tatu, tukio lililochongwa lina mwenzake katika fasihi ya Kiswahili, nacho ni kifo cha Liyongo kisimani. Hoja yetu ni kwamba sanamu hii iliuchukua mwisho wa hadithi na kuziacha sababu zilizouleta. Kwamba kuachwa huko ndiko kulikoipa nguvu na ndiko pia kulikoirahisishia kila mwenye haja kuitumia. Na kwamba baadhi ya maandishi yaliyokuja baada yake yanaweza kueleweka vyema zaidi yakisomwa kama juhudi ya kuzirudisha sababu hizo mahali pake.

Hadithi kabla ya sanamu

Cuchulain ni shujaa mkuu wa visakale vya Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ayalandi. Jina lake la utotoni lilikuwa Setanta. Akiwa bado mtoto alimuua mbwa mlinzi wa mhunzi aitwaye Culann, akajitolea kuilinda nyumba ya mhunzi huyo mahali pa mbwa. Ndipo akaitwa Mbwa wa Culann. Kisa kirefu zaidi kinachomhusu, Táin Bó Cúailnge, ni kisa cha uvamizi wa ng'ombe. Malkia Medb wa Connacht anakuja na jeshi kumteka fahali wa Cooley, na wanaume wa Ulster wamelemazwa na laana, hivi kwamba kijana huyu analazimika kuilinda nchi peke yake. Msomaji wa Afrika Mashariki anayezijua jamii za wafugaji hatahitaji kuelezwa kwa nini fahali mmoja aweza kuzaa vita. Sehemu kubwa ya masimulizi haya imetufikia kupitia miswada ya Kiayalandi ya karne ya 12.

Kifo cha Cuchulain kinaandaliwa na maisha yote yaliyokitangulia. Wanaomwendea kumuua ni watu aliowaachia uyatima: Lugaid ni mwana wa Cú Roí, ambaye Cuchulain alimuua, wana wa Calatin nao, baba yao aliuawa na mkono huo huo. Akiwa njiani kwenda vitani anawakuta vikongwe watatu wakibanika nyama ya mbwa. Ana miiko miwili: asipite penye jiko linalopikwa bila kuonja kilichomo, na asile nyama ya mnyama aliyempa jina. Kuutii mmoja ni kuuvunja wa pili. Anakula, na nguvu zinaanza kumwondoka. Mkuki wa Lugaid unampasua tumbo, na matumbo yanamwagika ndani ya gari lake la farasi. Anawaomba maadui ruhusa ashuke ziwani akanywe maji, nao wanamkubalia. Anakwenda akiwa ameyakumbatia matumbo yake, kisha anajifunga kwa mshipi kwenye nguzo ya jiwe ili asife ameketi wala amelala. Maadui wanasimama mbali kwa kuwa hawajui kama yu hai. Ndege anapotua begani mwake ndipo wanapothubutu kusogea. Lugaid anamkata kichwa, na upanga wa marehemu unapoponyoka unaukata mkono wa Lugaid.

Haifai kulisahau jambo jingine. Shujaa huyu alikuwa amemuua mwanawe wa pekee ufukweni, na alikuwa amemuua Ferdiad, ndugu yake wa kulelewa pamoja, kivukoni. Anayeisikiliza hadithi yote hufika kwenye nguzo ya jiwe akiwa ameibeba mizigo hii. Kwake yeye kifo hicho ni cha fahari, lakini pia ni deni linalolipwa.

Kutoka vitabuni hadi shabani

Masimulizi haya yaliifikia hadhira ya karne ya 19 na ya 20 kwa njia ya vitabu vya Kiingereza. Standish James O'Grady alianza kuichapisha historia yake ya enzi za mashujaa mwaka 1878. Lady Gregory akafuata mwaka 1902 kwa kitabu chake Cuchulain of Muirthemne, alichokiandika kwa Kiingereza chenye lafudhi ya wanavijiji wa Kiltartan. Katika maneno yake ya kukitabaruku kitabu hicho Lady Gregory alieleza kwamba aliacha mambo kadhaa aliyodhani hayangewavutia wasomaji wake. Kauli hiyo ina uzito katika hoja yetu, kwa kuwa inaonyesha kwamba uteuzi haukuanzia kwa mchongaji. Hadithi ilikuwa imekwisha kuchujwa kabla haijafika mikononi mwake.

Sheppard mwenyewe alizaliwa Cookstown, katika wilaya ya Tyrone, ndani ya familia ya Kiprotestanti. Alisoma katika chuo cha sanaa cha mji wa Dublin, ambako W. B. Yeats naye alikuwa mwanafunzi katika miaka ya 1880, akaendelea na masomo London, kisha akarudi Dublin kufundisha katika chuo kile kile kuanzia mwaka 1902. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Willie Pearse, mdogo wake Patrick Pearse. Kazi zake nyingi zinatokana na maandishi. Aliwachonga Oisín na Niamh, wahusika wa visakale ambao Yeats alikuwa amewatungia shairi refu mwaka 1889. Alitengeneza sanamu za wapiganaji wa uasi wa 1798 huko Wexford (1905) na Enniscorthy (1908). Na alimchongea mshairi James Clarence Mangan kumbukumbu yake mjini Dublin (1909). Kwa ufupi, tunaye mchongaji aliyeisoma nchi yake kupitia waandishi wake. Tutakosea tukimchukulia kama fundi aliyepewa kazi na wanasiasa. Cuchulain alifinyangwa miaka minne au mitano kabla ya maasi ya 1916, na hakuna aliyejua wakati huo kwamba yangetokea.

Usomaji wa sanamu

Tuitazame sasa sanamu yenyewe. Kijana aliye karibu uchi amefungwa kwa mshipi kwenye jiwe lisilochongwa vizuri. Kichwa kimeanguka. Magoti yamekunjika kwa namna ya mtu ambaye miguu yake imekwisha kukataa kumbeba. Upanga na ngao bado havijamwacha. Begani ametua kunguru. Watazamaji wengi wameulinganisha mwili huu na ule wa Kristo anayeteremshwa msalabani, na ulinganishi huo una msingi: katika Ulaya ya Kikristo, mwili wa kijana uliofungwa kwenye kitu kilichosimama, kichwa kikiwa kimeinama, hauwezi kuonekana bila kumbukumbu hiyo kuja.

Mambo matatu yanahitaji kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba hakuna adui. Lugaid hayupo, wana wa Calatin hawapo, vikongwe hawapo. Mtazamaji ndiye aliyesimama mahali pa jeshi lile lililoogopa kusogea, ila yeye hana sababu ya kuogopa wala ya kulipiza kisasi. La pili ni kwamba jeraha limefichwa. Hadithi inasisitiza matumbo yaliyomwagika, nayo shaba inatupa kiwiliwili kizima na kizuri. Hapa mchongaji ameufuata mkondo wa Lady Gregory wa kusafisha, na amekwenda mbele zaidi kuliko yeye. La tatu, ambalo wanaoisifu sanamu hii kwa uzalendo wake hawalitaji sana, ni ulegevu wa mwili. Ukiutazama kwa dakika chache utaona kwamba kinachosimama ni jiwe na mshipi; shujaa mwenyewe amekwisha anguka ndani ya mshipi wake. Sheppard hakutuchongea ushindi. Alichonga hila ya mtu anayekufa, hila ya kuwafanya maadui waamini kwamba bado yu wima, na akatuonyesha hila hiyo kutoka upande ambao maadui hawakuuona.

Mwaka 1766 Gotthold Ephraim Lessing alitoa hoja inayoendelea kusomwa hadi leo: kwamba ushairi ni sanaa ya matendo yanayofuatana katika wakati, ilhali uchongaji na uchoraji ni sanaa za vitu vilivyo pamoja katika nafasi. Kwa hiyo mchongaji apewaye tukio moja tu hana budi kulichagua lile linaloiachia fikra ya mtazamaji nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma, na asiuchague upeo wa mwisho, kwa maana baada ya upeo hakuna pa kwenda. Kwa kipimo hiki Sheppard anaonekana kukosea: kunguru amekwisha kutua, na kutua kwake kunamaanisha kwamba shujaa amekwisha kufa. Hata hivyo, tunadhani kipimo cha Lessing hakitoshi hapa. Kipindi kilichochaguliwa kina mashaka ndani yake. Ni kile kitambo kifupi baina ya kufa na kujulikana kuwa amekufa. Fikra ya mtazamaji inayo nafasi ya kusogea. Inalokosa ni mwongozo wa kurudi nyuma. Aliyeisoma hadithi atazikumbuka sababu. Asiyeisoma ataona kijana mzuri aliyekufa kwa ajili ya jambo fulani, na jambo hilo atalijaza mwenyewe, au atajaziwa na wengine.

Posta Kuu na wanaoidai sanamu

Wenye kujaza hawakukawia. Tarehe 24 Aprili 1916 Patrick Pearse alisoma Tangazo la Jamhuri mbele ya Posta Kuu ya Dublin, jengo ambalo lilikuwa makao makuu ya waasi katika juma lile la Pasaka. Pearse alipigwa risasi na Waingereza tarehe 3 Mei, na Willie, yule mwanafunzi wa Sheppard, kesho yake. Pearse alikuwa mwalimu na mwandishi aliyemweka Cuchulain kuwa kielelezo cha wanafunzi katika shule aliyoianzisha mwaka 1908, na katika maandishi yake kujitoa mhanga kwa shujaa wa kale na kujitoa kwa Kristo vinakaribiana sana.

Miaka 19 baadaye, tarehe 21 Aprili 1935, siku ya Pasaka, serikali ya Éamon de Valera iliizindua sanamu ya Sheppard ndani ya jengo lile lile kuwa kumbukumbu ya maasi, na kwenye msingi wake yakaandikwa maneno ya Tangazo. Baadhi ya wapinzani wa de Valera hawakuhudhuria. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1922–1923 vilikuwa bado vibichi mioyoni. Kwa hiyo kazi iliyofinyangwa kabla ya maasi ikageuka kuwa maelezo ya maasi. Umbo lake halikuongezwa wala kupunguzwa chochote. Kilichobadilika ni mahali na maandishi ya chini yake. Baadaye umbo hilo lilitiwa kwenye nishani ya waliopigana 1916, iliyoanza kutolewa mwaka 1941, na kwenye sarafu ya shilingi kumi ya mwaka 1966, upande wa pili ukiwa na uso wa Pearse.

Kama mambo yangekomea hapo, tungekuwa na mfano wa kawaida wa serikali inayojitwalia turathi. Lakini katika miaka ya 1990, huko Belfast mashariki, umbo hilo hilo la Sheppard, pamoja na nguzo, mshipi na kunguru wake, lilichorwa ukutani na watu wa upande ulioipinga kabisa jamhuri ya Pearse, yaani Waprotestanti waliotaka kubaki chini ya Uingereza. Kwao Cuchulain alikuwa mlinzi wa kale wa Ulster dhidi ya mashambulizi ya Waayalandi wa kusini. Hatuwezi kuwacheka wachoraji hao. Wakienda kwenye matini, Táin yawapa ushahidi: shujaa ni wa Ulster, na maadui wanatoka Connacht. Hapa ndipo hoja yetu inapopata uthibitisho wake mkubwa. Pande mbili zilizouana kwa miaka mingi ziliweza kuliinamia umbo moja kwa sababu umbo hilo halikusema ni nani aliyemuua shujaa wala kwa nini. Hadithi nzima ingewasumbua wote wawili. Ingewauliza juu ya mwana aliyeuawa ufukweni, juu ya ndugu aliyeuawa kivukoni, juu ya mayatima waliokua wakinoa mikuki.

Fasihi inairudia sanamu

Yeats alimshughulikia Cuchulain kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Tamthilia yake On Baile's Strand, inayohusu kuuawa kwa mwana, ilikuwa miongoni mwa zile zilizochezwa usiku wa kwanza wa ukumbi wa Abbey, tarehe 27 Desemba 1904. Katika shairi lake "The Statues", alilolitunga mwaka 1938, anawaza juu ya kilichokuja kusimama kando ya Pearse pale Posta alipomwita Cuchulain. Shairi hilo limehakikiwa mara nyingi. Tungependa kuielekeza nadharia ya msomaji kwenye tamthilia yake ya mwisho, The Death of Cuchulain, aliyoimaliza mwezi wa kufa kwake, Januari 1939. Humo shujaa aliyejeruhiwa anafungwa kwenye nguzo na Aoife, mama wa mwana aliyemuua. Na anayemmaliza si Lugaid wala jeshi lolote. Ni mzee kipofu mwombaji aliyeahidiwa peni 12 kwa kukileta kichwa chake, ambaye anampapasa mwilini ili ajue kisu akipitishe wapi. Tamthilia inafungwa kwa wimbo wa mwimbaji wa mitaani unaoitaja sanamu ya Posta na kumtaja Sheppard kwa jina.

Wahakiki waweza kuufasiri wimbo huo kama heshima kwa rafiki wa ujana wa mtunzi. Sisi tunauona pia kama marekebisho. Kabla ya kutupeleka kwenye sanamu, Yeats ametupitisha kwanza kwa mama aliyefiwa na kwa peni 12. Amerudisha mbele ya nguzo wale watu ambao mchongaji aliwaondoa. Mtazamaji atakayetoka katika tamthilia hiyo akaenda Posta hataweza tena kuuona ule mwili mzima kana kwamba haukuguswa na mkono wa mtu.

Samuel Beckett alichukua njia ya tashtiti. Katika riwaya yake Murphy (1938), mhusika Neary anaingia Posta Kuu, anaiendea sanamu kwa nyuma, anamshika shujaa mapajani na kuanza kujigonga kichwa kwenye makalio yake, hadi mwenzake anapomwokoa na mkono wa polisi. Kicheko hiki kina hoja. Serikali iliiweka sanamu itazamwe kwa mbele, kutoka upande wa uchaji, Beckett anaizunguka. Anatukumbusha kwamba kitu cha shaba kina nyuma, na kwamba raia aliyekata tamaa na mapenzi yake hapati faraja yoyote kwa shujaa wa taifa ila ugumu wa kujigongea. Yeats anairudishia sanamu sababu zake za kale. Beckett anaionyesha kwamba haina neno la kumwambia mtu wa leo. Njia ni mbili, lakini zote zinakataa kuipigia magoti.

Liyongo, Kijuma na mshale uliobaki upindeni

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amekwisha kuuona ulinganifu tuliougusia mwanzoni. Liyongo naye ni shujaa asiyeweza kuuawa kwa silaha za kawaida. Naye siri yake ni ya mwilini: huuawa kwa sindano ya shaba kitovuni tu. Naye akishajeruhiwa huenda penye maji. Anatoka nje ya mji, anapiga goti kando ya kisima, anatia mshale upindeni na kufa katika hali hiyo. Watu wanamwona, wanadhani yu hai tena ana hasira, na kwa siku kadhaa hakuna athubutuye kuteka maji. Mama yake anaombwa aende kumtuliza. Ni pale mwili unapoanguka ndipo inapojulikana kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Hatudai kwamba hadithi moja ilitokana na nyingine. Hatuna haja ya dai hilo. Lililo muhimu ni kwamba Liyongo, kama Cuchulain, anajigeuza kuwa sanamu kabla mchongaji yeyote hajafika. Na hapa tarehe zinatupa jambo la kufikiri. Utendi wa Liyongo tunaousoma zaidi uliandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijuma wa Lamu, mwaka mmoja tu baada ya Sheppard kumaliza kufinyanga. Kijuma hakuwa mshairi na mwandishi wa hati peke yake. Alikuwa pia mchongaji wa mbao hodari. Mkono ulioziandika beti za kifo cha Liyongo ulijua kushika patasi. Hata hivyo Liyongo hakuchongwa. Uchongaji wa Lamu ulikuwa wa milango na samani, wa maua, mizunguko na maandishi, na desturi ya Kiislamu haikuhimiza maumbo ya watu. Pwani hiyo hiyo Wagiryama walichonga vigango kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, lakini hiyo ni mila nyingine, yenye masharti yake na wafu wake. Kumbukumbu ya Liyongo ikabaki mikononi mwa maneno.

Je, maneno yalihifadhi nini ambacho shaba ingekiacha? Yalihifadhi mwana. Hakuna njia ya kufika kisimani katika utendi huu bila kupita kwa kijana aliyetumwa na mtawala wa Pate, akaahidiwa ndoa na cheo, akamuuliza baba yake siri ya kifo chake. Wala bila kupita kwa baba aliyeitambua hila hiyo na bado akasema. Yalihifadhi mtawala aliyemwogopa mshindani wake. Yalihifadhi kiu ya mji: watu waliotaka Liyongo aondolewe sasa hawana maji kwa sababu yake. Yalihifadhi mama, ambaye ndiye pekee awezaye kumsogelea. Na yalihifadhi malipo ya mwana, aliyedharauliwa na hao hao waliomtuma hata akafa. Anayeukariri utendi hawezi kumtwaa shujaa akamwacha msaliti. Wamefungwa pamoja katika mpangilio wa matukio kama Cuchulain alivyofungwa jiweni.

Hatusemi kwamba maneno ni salama daima. Tendi nazo hufupishwa, hutiwa katika vitabu vya shule, na msaliti hupunguzwa hadi sentensi moja. Wala hatusemi kwamba sanamu ni sanaa duni. Uchambuzi wetu wa magoti yaliyokunjika umeonyesha kwamba Sheppard alisema ukweli ambao wazinduzi wa 1935 na wachoraji wa miaka ya 1990 hawakuusikia. Tunalosema ni kwamba kila sanaa ina lile inaloliacha kwa maumbile yake, na kwamba mhakiki anapaswa kulitaja.

Umuhimu wa suala hili kwetu

Suala hili si la Dublin pekee. Tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, Dedan Kimathi alizinduliwa sanamu yake jijini Nairobi, kazi ya Kevin Oduor. Amesimama wima, bunduki mkononi. Uamuzi huo unaeleweka. Picha za kamera zilizoenezwa na wakoloni zilimwonyesha akiwa amelazwa chini na pingu mikononi, na taifa lilikuwa na haki ya kumsimamisha. Lakini Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na askari Waafrika walioitumikia serikali ya kikoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, katika tamthilia yao ya 1976 ambayo Raphael Kahaso aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, walichagua kumweka mahakamani na kizuizini, mahali ambapo wanaomshawishi asalimu amri wanaingia mmoja baada ya mwingine na ambapo suala la usaliti haliwezi kuepukwa. Sanamu na tamthilia zinamhusu mtu mmoja. Moja inamsimamisha, nyingine inauliza nani alimwangusha. Mwanafunzi anayeijua ya kwanza tu amepewa nusu ya urithi wake, tena ile nusu isiyomdai chochote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sanamu ya Sheppard ni kazi ya kifasihi kwa asili yake na kwa hatima yake. Ilizaliwa na vitabu vilivyokwisha kuchuja. Ikachuja zaidi kwa kuwaondoa maadui na kulificha jeraha. Ikahifadhi, hata hivyo, udhaifu wa mwili ambao matumizi ya kisiasa yaliupuuza. Na ikarejeshewa sababu zake na Yeats, na kunyimwa uchaji wake na Beckett. Ulinganisho na Liyongo umetuonyesha jinsi masimulizi yanavyomlazimisha msikilizaji kupita kwa msaliti kabla ya kumfikia shujaa.

Yako mawili ambayo tungependa yafuatiliwe. Kwanza, inafaa uchongaji na uandishi wa Kijuma uchunguzwe pamoja, kama kazi za akili moja, badala ya kugawanywa baina ya idara za fasihi na majumba ya makumbusho. Pili, tunapowapeleka wanafunzi kutazama kumbukumbu za mashujaa wetu, tuwape pia jukumu la kuandika orodha ya watu ambao hadithi inawataja na ambao mchongaji hakuwaweka. Mara nyingi orodha hiyo itakuwa na mama, mwana, jirani na mtu aliyelipwa. Hao ndio ambao uhakiki unapaswa kuwaita warudi.